Kidonda Nilikishona Vizuri

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka siwezi kukaa nikatulia. Nilikuwa muuguzi mgeni katika kituo kidogo cha afya upande wa Cheptiret, mikono myepesi, moyo umejaa sifa. Saa nne asubuhi akaletwa Abdi, mpakiaji wa magunia, ameanguka kutoka juu ya lori la mahindi. Waliomleta walisema alizimia kidogo, kisha akaamka. Aliingia kwa miguu yake mwenyewe, damu ikimtoka juu ya sikio la kulia.

Nikamshona nyuzi saba, zimenyooka. Akaniuliza viatu vyake viko wapi. Nikamwonyesha chini ya kitanda. Akauliza tena, na tena. Mama yake akaniambia mtoto wake si mtu wa kurudia maneno, tena alikuwa ametapika hapo nje. Nikamjibu ni uchovu tu, amwache alale. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini ujana, mwanangu, hauna masikio.

Mama Rotich, mkuu wetu, alikuwa akipita akasikia jinsi Abdi anavyokoroma. Akamwita, hakuitika. Akamfunua macho, akamulika tochi. Mboni moja ilikuwa imepanuka kuliko ya pili.

Hakunigombeza. Alisema polepole, "Jepkosgei, umeshona ngozi. Ndani ya fuvu umemwachia nani?"

Tulimkimbiza Eldoret, mimi nimeshika kichwa chake shingo isitikisike, nikimwita jina kila tulipopita tuta. Huko wakamfungua fuvu, wakatoa damu iliyokuwa inakandamiza ubongo. Abdi aliishi. Mkono wake wa kushoto haukubeba gunia tena. Mama yake aliendelea kunisalimia kwa heshima, na heshima ile iliniuma kuliko matusi.

Sasa wewe unaanza kazi hiyo wiki ijayo. Aliyegonga kichwa usimwamini kwa sababu anaongea. Muulize jina lake, yuko wapi, ni siku gani. Kisha rudi umuulize tena, na umulike mboni. Akitapika, akirudia maneno, akilegea upande mmoja, au usingizi ukimzidi, usingoje. Mpeleke. Na mzazi akikuambia huyu si mtoto ninayemjua, nyamaza umsikilize. Yeye alimjua kabla yako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho yasiyoona haya kuangalia mara ya pili, na kila unayemgusa arudi kwao akiwajua watu wake kwa majina.