Koti la Frigo ya Pili

Walisema sitamaliza hata kipupwe kimoja kule Ulaya. Fundi mkuu wa karakana ya umeme, ambaye nilimbebea sanduku la vifaa miaka minne, aliwaambia wenzake mbele yangu kwamba mtu aliyezoea bukari, ugali wetu, mara mbili kwa siku atalia kama mtoto akipewa mkate asubuhi, mchana na jioni. Shemeji yangu alikuwa mkali zaidi. "Weye?" alisema. "Utarudia na mafua tu. Diplôme itabakia kule kule."

Nilimaliza vipupwe vinne. Naandika hivi wazi kwa sababu hakuna aliyenibeba. Baba yangu alikuwa mchimbaji huko Kambove, asiyejua kusaini jina lake. Mtihani wa kampuni ya migodi niliufanya mwenyewe, kati ya watu wazima waliosoma kuliko mimi, na nikashika nafasi ya kwanza. Kampuni ililipa shule na tiketi. Haikulipa nguo.

Kwa hiyo niliondoka Likasi na vitu vya kuazima. Sanduku lilikuwa la baba mdogo, blanketi lilikuwa la mama jirani yetu katika kambi ya wafanyakazi, na koti lilikuwa la mzee wa frigo ya pili.

Mzee huyo aliishi nyumba tatu kutoka kwetu. Alifanya kazi kantini, pale ambapo familia za wafanyakazi zilichukua posho ya unga, samaki na nyama. Nyuma ya kantini kulikuwa na vyumba viwili vikubwa vya baridi, tukiviita frigo ya kwanza na frigo ya pili, na kila frigo ilikuwa na mtunzaji wake. Yeye alitunza ya pili. Kampuni ilikuwa imempa koti nene la sufu, refu hadi magotini, lenye namba yake ya kazi iliyoshonwa ndani ya ukosi. Ukiacha la mwenzake wa frigo ya kwanza, sidhani kulikuwa na makoti mengine ya namna hiyo katika mji mzima wa Likasi.

"Vwala hii," aliniambia, akanivika mwenyewe kwenye baraza lake, nikitokwa jasho. "Bulaya yote ni frigo tu. Minye iko na myaka kumi na ine mu frigo, na ningali muzima."

"Na weye, baba, utavwala nini?"

"Iko ile ya zamani. Iko na matundu, lakini matundu nayo inajua kazi."

Watu wote wa baraza walicheka. Koti hilo lilinifikisha kwenye diploma. Nililala nalo, nilisomea ndani yake, nilioshea vyombo vya mkahawa nikiwa nimelivaa.

Niliporudi, waliokuwa wakicheka waliniita Citoyen ingénieur, mwananchi mhandisi, na shemeji alikuwa wa kwanza kunitangaza sokoni. Baba mdogo nilimrudishia sanduku likiwa limejaa nguo. Mama jirani nilimrudishia blanketi lake pamoja na jingine jipya. Koti nilichelewa nalo. Siku ya kwanza nilipoingia kantini kama mkubwa, nilikuwa nimelivaa, na mzee aliponiona aliushikilia mlango kwa kicheko. "Kaa nayo kwanza," alisema. "Inakufaa kupita minye." Nikakaa nalo. Nilijiambia nitamrudishia siku ya sherehe, mbele ya watu.

Kazi niliyopewa haikuwa imefanywa na mtu yeyote kabla yangu. Wakubwa walisema umeme wa bwawa la Koni hautoshi tena viwanda, na wakati huohuo ofisi, hospitali, shule na kantini zinakula bila kipimo. Kambini tulikuwa tumekua tukiamini umeme ni kama maji ya mto Lufira, unapita tu. Mimi nilipewa majengo yote. Nilipaswa kujua kila moja linakula nini linapofanya kazi na linakula nini linapolala, kisha kulirekebisha.

Niliifanya vizuri. Katika ofisi kuu taa za korido ziliwaka mchana na usiku kwa sababu hakuna aliyejua swichi iko wapi. Nikasogeza kabati moja kubwa la mafaili lililowekwa pale enzi za Wabelgiji, na swichi ikawa nyuma yake. Hospitalini nilijiuliza kwa nini mbwa wa mtaa mzima hulala mahali pamoja mwezi wa Juni, wakati wa baridi, nikachimba hapo, nikakuta bomba la maji ya moto ya dobi likiwa uchi ardhini, linapasha udongo joto. Nililivika vizuri, na mbwa wakahama. Wahandisi wa kigeni walikuwa wamepita juu ya udongo ule miaka mingi.

Kisha nikafika kantini. Mipira ya milango ya frigo ilikuwa imeoza. Ndani taa hazikuzimwa. Na mwezi wa Oktoba, wakati wa joto, mzee aliacha mlango wa frigo ya pili wazi kidogo ili akina mama waliopanga foleni na watoto mgongoni wapate hewa. Nilibadilisha mipira, nikafunga springi inayovuta mlango ujifunge wenyewe. Akina mama walinitazama vibaya.

"Citoyen ingénieur iko na frigo kwake," mmoja alisema kwa sauti ya kutosha. "Njo maana."

Mzee hakununa. Aliniita kwenye kijichumba chake, akafungua sanduku la mbao, akatoa makaye saba, madaftari yale ya shule yenye jalada la bluu. Miaka yote hiyo, mara tatu kila siku, alikuwa ameandika kipimajoto cha frigo ya pili kinasoma ngapi, na kando yake kilichokuwa ndani. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wangu. *Digri mbili. Ng'ombe sita. Digri mbili. Ng'ombe moja. Digri mbili. Hakuna kitu.*

"Nani alikuagiza?" niliuliza.

"Muzungu wa kwanza. Alikwenda. Mwingine akakuja, hakuuliza. Hakuna mutu aliuliza." Alinisukumia makaye yote saba. "Weye njo wa kwanza anajua kusoma hii. Beba."

Niliyabeba. Nilikaa nayo wiki nzima, na sijawahi kuona vipimo safi namna ile, hata darasani Ulaya. Vilionyesha jambo moja bila shaka. Nyama iliyokuwa ikija kutoka kusini ilikuwa imepungua, na kwa miaka miwili frigo ya pili ilikuwa ikipoza ukuta mtupu. Baada ya matengenezo yangu frigo ya kwanza ilitosha peke yake. Niliandika hivyo. Nilichora grafu, nikataja kwamba vipimo vimetoka kwa mtunzaji mwenyewe, nikamsifu.

Halafu nikaongeza mstari mmoja. Hakuna aliyeniomba. Ripoti tulizofundishwa kuandika huko nilikosoma zilikuwa na mstari wa namna hiyo mwishoni, nami nilitaka yangu isipungukiwe na kitu. Niliandika: *Kwa frigo moja, mtunzaji mmoja anatosha.*

Wakubwa walinipa mkono. Barua ya pongezi ilisomwa mbele ya wakuu wa idara, na mimi nilisimama nikiwa nimenyooka katika abacost mpya, suti ile isiyo na tai. Frigo ya pili ilizimwa. Mtunzaji wa kwanza alikuwa kijana, wa pili alikuwa mzee, na kampuni ikachagua kama kampuni zinavyochagua.

Kambini, kazi ndiyo nyumba. Ndiyo posho, ndiyo shule ya watoto, ndiyo kitanda cha hospitali. Nilizaliwa humo, sikuhitaji diploma kulijua hilo. Nilikuwa Koni wiki tatu, nikipima. Niliporudi, baraza lile lilikuwa na familia nyingine, na mtoto nisiyemjua alikuwa ameketi pale nilipovikwa koti.

Karani wa stoo alinisimulia yaliyobaki, akidhani ni kichekesho. Anayeondoka hurudisha vitu vyote vya kampuni: buti, glavu, koti. Mzee alirudisha buti na glavu na lile koti la matundu. "Nikamwambia, baba, kitabu kinasema koti mbili. Moja iko wapi? Akasema, imepotea. Nikamuliza, koti ya baridi inapotea namna gani mu Likasi, iliyeyuka? Tukamukata kwa mushahara ya mwisho."

Koti lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango wa ofisi yangu. Namba yake ilikuwa bado ukosini.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilikwenda Kakontwe, alikohamia mzee. Nilibeba koti mkononi na makaye saba katika mfuko, chini ya jua kali, na watu wa njiani walinicheka. Nilimkuta nje ya kibanda cha matofali mabichi, karibu na machimbo ya mawe ya chokaa. Alikuwa akipasua mawe kwa siku, kwa yeyote aliyemwita. Nywele zake na nyusi zilikuwa nyeupe kwa vumbi, na kwanza nilidhani amezeeka kiasi hicho.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilimwambia habari ya ule mstari, kwamba niliuandika mimi.

"Najua," alisema. "Walinisomea." Akapokea koti, akalipima uzito mikononi, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya kiti pekee kilichokuwapo. "Huku hakuna baridi, mutoto yangu. Lakini aksanti."

Kisha akaona makaye. Akaketi chini, akafungua lile la saba, akageuza kurasa mpaka mwisho wa mwandiko wake. Chini yake mistari ilikuwa mitupu.

"Siku walizima," aliuliza, "ilikuwa digri ngapi?"

Nilikuwepo siku ile. Mimi ndiye niliyevuta swichi, wakubwa wakitazama.

"Sikuangalia, baba," nilisema.

Alikuwa ametoa kalamu mfukoni, tayari juu ya mstari mtupu wa kwanza. Kisha akafunga kaye. Kufikia siku hiyo nilikuwa nimemrudishia kila mtu alichoniazima.