Mawe Yaliyokula Chokaa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo kama ingekuwa shati ningeshaigawa zamani. Ilikuwa Kasulu, mwaka 2013. Nilikuwa ofisa kilimo wa halmashauri, mwenye shahada ya sayansi ya udongo, pikipiki ya serikali, na imani kwamba wilaya nzima ilikuwa ikinisubiri mimi.

Kabla ya mvua za mwaka huo nilipima udongo wa kijiji cha Rungwe Mpya. Shamba la kwanza lilikuwa la Mama Sekunda, mjane aliyelima maharage kilimani. Yalikuwa yakiota, yakigeuka manjano, basi. Vipimo vikaonyesha udongo ni mchachu mno; ukiumwagia mbolea kabla ya kuutibu, mbolea inapotea bure. Dawa yake ni chokaa iliyosagwa, ichanganywe na udongo mapema kabla ya kupanda.

"Usipande kwanza, mama," nikamwambia. "Halmashauri italeta chokaa."

"Na mvua zimeambiwa?" akauliza.

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Nikaenda kwenye kikao cha madiwani. Nilitaka iwe kanuni ya wilaya: chokaa kwanza, mbolea baadaye. Nikaeleza tindikali na aluminiamu kwa kirefu, nikinogewa na sauti yangu mwenyewe, mpaka diwani mmoja akanikatiza: "Mtaalamu, kwa kifupi, tununue nini?"

"Chokaa," nikajibu.

Wakapitisha neno hilo moja. Ya nini, iende kwa nani, ifike lini, hayakusemwa. Nikatoka kifua mbele.

Chokaa ikaja, ikalala stoo. Kabla haijapakiwa kwenda Rungwe Mpya, tukasikia kiongozi mkubwa anakuja kutembelea wilaya. Bosi akaniita. Kuna ubaya gani, akauliza, ikipakwa kwenye mawe ya barabarani? Si chokaa? Tutanunua nyingine.

Hapo ndipo ningemwambia kuna mama anasubiri. Nikasema, "Hakuna ubaya, bosi." Tena ilipokataa kushika, maana ya shambani haishiki kama ya ukutani, mimi ndiye niliyewaelekeza vibarua waichanganye na chumvi. Chumvi, mwanangu, adui wa shamba, na mimi mtu niliyesomea udongo. Ndio ushauri wangu pekee uliotekelezwa wilayani kikamilifu.

Mvua zikaanza, na wakati wa kupanda ukapita. Chokaa nyingine haikununuliwa. Mama Sekunda akaja mjini kunitafuta, akanikuta mbele ya ofisi, mawe yanang'aa pande zote mbili za njia.

"Mwakeye, mama," nikamsalimu kwa Kiha.

Akaitikia, ni mtu mwenye adabu. Kisha akainama, akapitisha kidole kwenye jiwe, akauangalia ule weupe.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo, mama."

"Mwana wanje," akaniita mwanawe, "haya mawe mtayavuna lini?"

Mlinzi wa getini akacheka. Yeye hakucheka. Majirani zake walikuwa wameshapanda. Yangekuwa maharage ya manjano kama kawaida, lakini wangekula. Yeye aliyemwamini mtaalamu hakuwa na hata hayo. Akafunga khanga yake vizuri, akarudi alikotoka, na mimi nikasimama pale nikijifanya naangalia simu.

Ndiyo maana nakusumbua wewe unayesomea mambo haya. Udongo haupigi kura, kwa hiyo anayeusemea lazima aseme maneno yasiyoweza kupakwa barabarani. Ukifika kwenye kikao, usifurahie kusikilizwa. Hakikisha kanuni inasema ni chokaa ya shamba, inakwenda shamba la nani, kabla ya mvua zipi, na nani atabanwa isipofika. Ikishapitishwa usiende kulala. Ifuate mpaka iingie ardhini. Usimwambie mkulima asubiri kama huna uhakika wa kile unachomsubirisha. Na siku bosi atakapokuuliza kuna ubaya gani, mtaje huyo mkulima kwa jina lake, hata kama sauti itatetemeka. Yangu haikupata nafasi ya kutetemeka.

Mungu akuepushe na mawe ya namna ile, mwanangu, akupe ulimi siku utakapohitajika, na mvua zikukute umeshapanda.