Paa Nililoezeka Uingereza

Shule niliishia darasa la nne, lakini hapa Takoma Park, Marekani, nyumba ninayo, na kampuni ya kuezeka mapaa ni yangu mwenyewe. Jumapili baada ya ibada, Dokta Elisante, msomi wa historia, akatuonyesha ukutani picha ya kanisa la kale la kijiji kimoja Uingereza. Mlango ulijengwa kwanza, akasema, mnara ukafuata karne mbili baadaye.

"Jamani Dokta, unajua mambo!" mke wangu akamsifu.

Wivu ukanikaba. Nikasimama. "Kabla sijaoa nilipita huko. Paa la kanisa hilo nililiezeka mimi!"

Makofi! Mke wangu akanigeukia, anatabasamu.

"Hongera, kaka," Dokta akasema. "Basi tuingie ndani."

Akaweka picha ya pili. Kuta tupu, juu mawingu, kondoo wanakula majani penye madhabahu.

"Baba Neema," mke wangu akauliza, "paa liko wapi?"