Flashi Iliyoandikwa Kaswida

Mama mkubwa wangu ni mwimbaji wa taarabu, na hata wauza samaki wa Kilwa Masoko humjua kwa sauti tu. Jukwaani aliimba walichotaka watu. Akirudi nyumbani kupumzika aliimba alichotaka yeye: nyimbo za unyago, jikoni, mlango umefungwa, pamoja na mama yangu na kungwi aliyewafunda wote wawili. Mama alipiga ndoo badala ya ngoma. Simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai, ikirekodi.

Nyimbo hizo mwanamume hatakiwi kuzisikia. Kungwi alikubali zirekodiwe kwa sharti moja: siku nyimbo zikifika masikioni mwa wanaume, zifutwe zote. Basi mama mkubwa, kwa ujanja wake, akazihamishia kwenye flashi na kuibandika karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu: KASWIDA. Mumewe, baba mkubwa, hukodisha spika za maulidi! Nilimwambia hilo ndilo jina baya kuliko yote, akanijibu kwamba nina mdomo sana.

Kisha mama akafariki. Simu iliyorekodi ilikuwa imeshaharibika, na sauti ya mama haikubaki popote ila kwenye flashi ile. Kila nilipoomba kunakili, mama mkubwa alisema wiki ijayo. Nilimkasirikia, na bado nina hasira naye.

Siku ya maulidi, alasiri, nilikuwa upande wa wanawake nikipakua pilau. Nikamwona baba mkubwa akitoa flashi mfukoni, yenye karatasi ya wino mwekundu. Nilitupa upawa nikakimbia kukatiza mikeka ya wanaume, nikakanyaga sinia la watu, mzee mmoja akanishika nguo akiniuliza kama nina wazimu.

Spika zote nne zikaunguruma. Ndoo ikapigwa mara tatu. Mama akakohoa kusafisha koo, kama alivyokohoa kila mara kabla ya kuimba.

Sijui nani alianza. Vigelegele vililipuka upande wa wanawake, wakasimama wote, wakagonga sufuria na vifuniko, hata kikongwe aliyekuwa amesinzia naye akapiga kelele. Hawakuwa wamepanga, ila kila mmoja aliujua mdundo wa unyago kwenye ndoo ile. Nilipoichomoa flashi, hakuna mwanamume aliyekuwa ameambulia hata neno moja.

Baba mkubwa aliuliza kuna nini. Wanawake walirudi kwenye pilau.

Kungwi alituita chumbani papo hapo, mimi na mama mkubwa, akaniambia nije na laptopu yangu. Mama mkubwa alijitetea kwamba wanaume wamesikia ndoo tu.

"Wamemsikia mwanangu akikohoa," kungwi alisema. "Futeni."

Nilipiga magoti. Nilimwambia kwamba sina kingine cha mama, na kwamba ningeificha flashi mahali ambapo hata mimi nisingeipata. Alilia na mimi, lakini hakubadili neno.

"Msikilize mama yako mara moja. Kisha ufute."

Tulisikiliza watatu, vichwa vimegusana, sauti chini kabisa. Katikati ya wimbo wa tatu mama alisahau maneno, wenzake wakamtania, naye akacheka hadi akaacha kupiga. Tulifika mwisho.

Mama mkubwa alipeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta, akakirudisha. Akanisogezea laptopu bila kunitazama, nikabonyeza mimi.