Fundi mapazia atafuta skuta kabla ya Jumamosi adhuhuri

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, Mama Pindo hawezi kuitikia salamu. Ana pini tano mdomoni. Anainua kidole kimoja, maana yake subiri, kisha anazichomeka moja moja kwenye upindo wa pazia la kijani lililotandazwa sakafuni. Ya tano ikishaingia ndipo anafungua kinywa.

"Sijambo. Karibu ndani, ila usikanyage kitambaa."

Pa kukanyaga ni padogo. Chumba kina hatua nne kwa tano, cherehani mbili, meza ya kukatia na marobota yaliyopangwa hadi karibu na dari. Anayeingia hutembea ameegemea ukuta, kama mtu anayepita ukingoni mwa mtaro.

Kwenye cherehani ya pili ameketi wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwembamba ambaye husema mambo ya kuchekesha bila yeye mwenyewe kucheka.

"Wiki nzima huyu hana habari na mapazia, ni skuta tu," anasema bila kuinua macho. "Juzi nimemkuta amekaa kwenye kigoda, ameshika mwiko kwa mikono miwili, anakata kona."

"Mwongo," anajibu Mama Pindo. "Ulikuwa ufagio."

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, kwa sababu akiingia nyumba ya mtu hutazama kwanza upindo wa pazia, ndipo amtazame mwenye nyumba. Ana miaka arobaini na mmoja na watoto wawili. Kushona na kutundika mapazia ndiyo kazi yake kwa mwaka wa kumi na tano sasa.

Miaka tisa iliyopita ngazi ilimteleza akiwa anatundika pazia la sebuleni kwa mteja.

"Nilianguka nimelikumbatia pazia," anasimulia. "Lenyewe halikupata hata vumbi. Kifundo cha mguu ndicho kilichovunjika."

Kiliunga, lakini kilikaza. Mguu wake wa kushoto hukanyaga chini vizuri, ila haukunjiki kwenye kifundo wala hauwezi kunyanyua vidole kuelekea juu. Na pikipiki za kawaida hubadilishwa gia kwa mguu huohuo wa kushoto. Ndiyo maana anatafuta skuta, ile pikipiki ndogo isiyo na gia za kukanyaga: unawasha, unazungusha mkono wa kulia, inaondoka.

"Watu wananiona napenda mambo ya kisasa," anasema, akikunja pazia. "Jamani, mimi sina chaguo la pili."

Hadi sasa hutegemea pikipiki za kukodi, na madereva wakiona furushi lake hupandisha nauli kabla hajasema anakwenda wapi. Kwa hesabu yake, katika kila mapazia kumi anayoshona, matatu huishia kwenye nauli.

Sasa amepata nafasi ambayo hakuwahi kuipata. Hospitali iliyo upande wa pili wa mji inatafuta mtu wa kutunza mapazia yanayotenganisha vitanda vya wagonjwa. Yako mapazia mia moja na kumi na mawili, katika wodi sita. Kila wiki yashushwe, yafuliwe hukohuko, yaliyochanika yashonwe, yatundikwe tena. Kazi ni ya asubuhi nne kwa wiki, na mapazia lazima yawe juu kabla madaktari hawajaanza kupita, saa moja kamili. Malipo ni ya kila mwezi, kwa mkataba wa miaka miwili.

Muuguzi mkuu amempa hadi Jumamosi saa sita mchana atoe jibu. Baada ya hapo kazi inakwenda kwa fundi mwingine, mwenye gari lake.

Kutoka hapa kwa usafiri wa umma, Mama Pindo hufika hospitali saa mbili. Amejaribu mara tatu. Pikipiki ya kukodi, asubuhi nne kwa wiki, ingemeza malipo yenyewe.

Leseni anayo. Alijifunza kwa skuta ya chuo cha udereva, miezi minne iliyopita. Pesa pia zipo, lakini za skuta iliyotumika tu. Mpya ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Pesa hizo zilikuwa za makochi. Yeye na mumewe, ambaye ni fundi rangi, wameziweka kwa miaka mitatu.

"Wageni wataendelea kukaa kwenye viti vya plastiki," anasema. "Wakichoka wataondoka mapema, nayo ni faida."

Alasiri hiyo anakwenda kuitazama skuta ya kwanza. Amefuatana na Spana, makanika wa pikipiki, rafiki wa mumewe tangu shuleni, ambaye humwita shemeji. Inauzwa na mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu mwenye miwani minene. Ni ya buluu iliyopauka, na mita yake inasoma kilomita elfu ishirini na tatu.

Kabla ya kuomba ufunguo, Spana anaweka kiganja juu ya injini. Ni baridi. Anaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Ukitaka kuijua injini, iwashe ikiwa imelala," anaeleza. "Ikishapata moto huwezi kuujua ugonjwa wake."

Inawaka mara ya kwanza. Spana anaitegea sikio kama daktari, anaangalia breki, matairi, mkanda unaozungusha gurudumu. Uso wake unazidi kuchangamka. Wa Mama Pindo unazidi kukunjamana, kwa sababu macho yake hayajatoka kwenye kiti. Ngozi bandia ya kiti hicho imechanwachanwa, sponji inatoka nje kwa vipande, na mahali pawili imefungwa kwa kamba ya katani.

"Ni paka wangu," anasema Mwalimu. "Hapo ndipo kitandani pake."

Mama Pindo hakai juu yake. Anashukuru, anaaga, anasema watawasiliana. Nje ya geti Spana anashika kichwa.

"Shemeji! Injini ya yule mama inanong'ona!"

"Inanong'ona chini ya godoro la jela," anajibu. "Mtu anayeacha kiti kifike pale, mafuta ya injini atakuwa amebadilisha lini?"

Ijumaa saa nne wako kwenye uwanja wa dalali mmoja, nyuma ya duka la mbao. Hapa mambo ni tofauti. Skuta ni nyekundu, inang'aa hadi unaweza kujitazama meno. Mita inasoma kilomita elfu sita na kidogo. Na kiti chake cheusi kimedariziwa msalaba msalaba kwa uzi mwekundu, mishono iliyonyooka kama imepigwa kwa rula.

Mama Pindo anatoa tabasamu ambalo halikuonekana jana.

"Ilikuwa ya mama mmoja wa benki," anasema dalali, kijana mwenye sauti tamu. "Ofisini, nyumbani. Ofisini, nyumbani. Hata mvua haiijui, dada yangu."

Spana anaweka kiganja kwenye injini, anakiondoa haraka. "Mbona ya moto?"

"Nimetoka kumwonyesha jirani sasa hivi."

Spana anaijaribu, inakwenda vizuri. Anaangalia taa, breki, matairi. Hatimaye anainua mabega: hana la kusema, wala hana furaha.

Lakini Mama Pindo amekwisha kuamua. Mkono mmoja uko ndani ya mkoba, juu ya bahasha. Mwingine unapapasa kiti, taratibu, kama anavyopapasa kitambaa dukani. Vidole vinafuata mshono wa pembeni. Vinasimama. Vinarudi nyuma.

Anachuchumaa, kwa shida kidogo kwa sababu ya mguu, na kusogeza uso karibu.

Kando ya uzi mwekundu kuna mstari wa vitundu vidogo visivyo na uzi. Kando ya mstari huo kuna mwingine.

"Pamba ukiifumua, tundu la sindano linajifunga," anaeleza baadaye. "Ngozi bandia haisahau. Kila sindano iliyoipita inabaki imeandikwa."

Anaomba kiti kifunguliwe. Chini yake, kwenye plastiki ambako ngozi imebanwa kwa pini, kuna safu tatu za matundu ya pini, mbili tupu na moja inayotumika. Anabonyeza sponji kwa kidole gumba. Inaruka juu kama godoro lililotoka dukani leo.

"Kaka," anasema kwa upole, "kiti hiki kimefunguliwa mara mbili. Sponji hii ni mpya, na ya zamani isingezama kwa kilomita elfu sita. Ile ilikaliwa miaka mingi, na mtu mzito, kila siku."

"Dada, unanunua kiti au unanunua skuta?"

"Nilikuwa nanunua maneno yako. Sasa naona nayo yameshonwa upya."

Spana, aliyekuwa ameshaanza kuchoka, anachuchumaa upande wa pili. Anagundua kwamba mipira ya vishikio imebadilishwa, jambo lisilohitajika kwa kilomita elfu sita. Anaomba kufungua kifuniko cha mkanda. Dalali anakataa. Badala yake anashusha bei kwa theluthi nzima, palepale, bila kuombwa.

Mama Pindo anaanza kuhesabu kwa vidole. Kwa bei hiyo, pesa za kochi moja zingebaki. Na Jumamosi adhuhuri iko karibu.

Anatoa mkono kwenye mkoba. Mkono hauna kitu; bahasha imebaki ndani.

"Ikinizimikia njiani saa kumi na mbili asubuhi," anasema wakiwa barabarani, "mgonjwa atavuliwa nguo mbele ya jirani yake kwa sababu mimi nilipenda uzi mwekundu." Kisha, baada ya hatua chache: "Mwingine angedanganywa na rangi. Mimi nimeona mshono umenyooka, nikasema mwenye hii ni mtu wa ukweli. Na jana nikamhukumu Mwalimu wa watu kwa makosa ya paka."

Anapiga simu kwa Mwalimu. Haipokelewi. Anapiga tena jioni. Mwalimu anapokea, anasema kuna mtu mwingine ameahidi kuja kesho saa tano asubuhi na pesa mkononi.

Jumamosi saa tatu na nusu Mama Pindo yuko getini kwa Mwalimu, amevaa viatu vyake vya kwenda kwa wateja wakubwa. Spana yuko nyuma yake. Mwalimu anafagia uani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekitazama kiti changu kama umeona panya aliyekufa."

"Nimekosa, Mwalimu. Nisamehe."

"Umekosa ndiyo." Mwalimu anaegemeza ufagio ukutani. "Lakini yule nimemwambia saa tano, na neno langu ni moja. Miaka thelathini na minne nimefunga mlango wa darasa kengele ikilia. Akifika kabla ya saa tano, ni yake. Asipofika, ni yako. Kaeni."

Wanakaa kwenye benchi. Skuta ya buluu iko mbele yao, na paka wa kijivu amelala juu ya kiti, hana habari. Mwalimu anaeleza kwa nini anauza: "Macho yameanza kuniletea mashimo pasipo na shimo. Nakwepa, watu wanashangaa."

Mama Pindo anacheka, kisha, kwa kuwa kusubiri ni kugumu, anaanza kusema mipango yake kana kwamba ameshapata. Mshahara wa hospitali ukitulia miezi sita, atatafuta chumba kingine cha kazi, chenye dirisha. Chumba cha sasa hakina.

"Nimevalisha madirisha ya mji mzima," anasema. "Lakini mimi mwenyewe nashona kwa taa, mchana. Rangi za mteja lazima nitoke nazo nje nizione." Anataka pia cherehani ya tatu, na wifi yake ajifunze kutundika, ili siku nyingine afanye yeye. "Ngazi nitamshikia mimi. Kwa mikono yote miwili."

Saa tano kasoro robo, kila pikipiki inayopita nje inamfanya ageuke. Saa tano kasoro dakika nane simu ya Mwalimu inalia. Anasikiliza, amekunja uso.

"Mchana?" anasema. "Mchana huwa nalala." Anasikiliza tena. "Hapana, bwana. Saa uliitaja wewe mwenyewe." Anaweka simu mfukoni, anatazama saa ya mkononi, na kwa dakika zilizobaki anaendelea kufagia uwanja ambao hauna tena hata jani.

Saa tano kamili anaingia ndani, anarudi na kadi ya usajili. Spana anapiga magoti, anasoma namba ya injini kwa sauti, tarakimu moja moja, na Mwalimu anazifuata kwenye kadi kwa kidole. Zinalingana. Jumatatu alasiri watakwenda wote ofisini kubadilisha jina. Bahasha inatoka mkobani, na paka anaombwa kuhama.

Mama Pindo anaketi juu ya sponji iliyochakaa, anaweka miguu yote miwili mbele, anawasha. Haondoki. Anazima tena, anatoa simu. Ni saa tano na dakika ishirini na nane.

"Shikamoo, mama. Ni fundi mapazia." Sauti yake ni ndogo. "Kazi naichukua."

Sauti ya muuguzi mkuu inasikika hadi kwenye benchi. Saa kumi na mbili na nusu Jumatatu, anasema, na yeye hana gari la kumtumia mtu. Ataletwa na nani asubuhi yote hiyo?

Mama Pindo anatazama vishikio viwili vilivyo mbele yake.

"Siletwi, mama," anasema. "Nakuja."