Kilomita Arobaini na Kiherehere

Chumba chake cha kazi kilibanwa kati ya mchonga funguo na duka la fotokopi, chembamba kiasi kwamba mteja mnene alilazimika kukabidhi kiatu akiwa amesimama barabarani. Humo ndani, kwa miaka thelathini, Bi Sindano alishona viatu, mikoba na matandiko ya farasi, kazi aliyofundishwa na baba yake. Kila mwenye farasi pale mjini alikalia mshono wake. Yeye mwenyewe alifikisha miaka arobaini na tisa bila kuwa na farasi wa kukalia.

Kisha siku moja mwenye zizi akaingia na tandiko lililopasuka, la pili ndani ya mwezi mmoja, akalitupa juu ya meza.

"Hili ndilo la mwisho, Bi Sindano. Yule farasi jike namwondoa. Ameshaangusha watu wawili. Anaogopa mwavuli, anaogopa mfuko wa plastiki, na juzi kaogopa kivuli chake mwenyewe. Ndiyo maana tunamwita Kiherehere."

"Unampeleka wapi?"

"Popote watakapomtaka."

"Basi nipe mimi."

Mwenye zizi akacheka, mpaka alipogundua kuwa anacheka peke yake.

Miezi minane ya mwanzo Bi Sindano hakumpanda hata mara moja. Kila alasiri alifunga kazi, akamshika hatamu, wakatembea. Walipita kwa mchomelea vyuma cheche zikiruka, wakapita shuleni kengele ikilia, wakasimama mbele ya turubai linalopigwa na upepo mpaka yule mnyama akachoka kuliogopa. Kaka yake, dereva mstaafu wa lori aliyekuwa na maoni juu ya kila chenye magurudumu au miguu, alimtazama akatikisa kichwa.

"Mdogo wangu, wenzako wanapata farasi wa kuwabeba. Wewe umepata mgonjwa wa kutembeza!"

Mwaka wa pili ukapita, na sasa alikuwa anampanda. Ndipo akamwambia kaka yake kwamba amejiandikisha kwenye safari ndefu ya farasi: kilomita arobaini, mizunguko miwili, kwa muda usiozidi saa sita. Na si kufika tu. Kila mzunguko ukiisha, daktari wa mifugo anapima mapigo ya moyo. Yakizidi sitini na nne kwa dakika, au farasi akichechemea, mmetolewa.

"Kiherehere?" Kaka akashika tama. "Huyo atafika. Wewe ndiye utakayeachwa njiani."

Lakini asubuhi ya siku yenyewe kaka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka, akaandaa ndoo, masponji na maji.

Farasi walikuwa thelathini na mmoja. Kiherehere hakuwahi kuona hata watano pamoja. Kipenga kilipolia akasimama kwa miguu ya nyuma, macho yamemtoka pima, akageuka kutaka kuwafuata wenzake waliokwisha kupiga mbio. Mtu mmoja akacheka. Bi Sindano akajipiga moyo konde. Akashuka, akamzungusha kwa miguu, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, mpaka vumbi la wenzao likatua na njia ikawa yao peke yao. Kisha akapanda, wakaondoka wa mwisho, kama watu waliorudi kufunga mlango.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Daktari, mwanamke mrefu asiyetabasamu ovyo, akaweka kifaa chake kwenye mbavu za farasi.

"Hamsini na sita. Anaitwa nani huyu?"

"Kiherehere."

Daktari akasikiliza tena. "Mlimkosea jina."

Matatizo yalikuwa mzunguko wa pili, uliopita njia nyingine, kwenye kijito. Maji hayakuzidi magoti, lakini jua lilikuwa limeyapiga yakawa yanametameta, na Kiherehere akakita kwato ukingoni kama nguzo. Hakusonga kwa kubembelezwa wala kwa kuhimizwa. Kijana aliyepanda farasi wa kijivu akawapita, maji yakiruka pande zote. "Mtie fimbo, mama! Atavuka tu!"

Bi Sindano alikuwa na fimbo. Akaitazama, akaichomeka nyuma ya tandiko. Akashuka, akavua viatu, akaingia majini. Akasimama katikati ya kijito, akampa farasi mgongo, kamba ikiwa imelegea mkononi. Akatoa ndizi mfukoni akaanza kula polepole, huku moyo wake ukihesabu kila dakika inayopotea. Baridi ikampanda miguuni. Alisimama hivyo dakika kumi na nane. Hakugeuka.

Mara akasikia maji yakichapwa nyuma yake, kisha pumzi ya moto shingoni. Kiherehere aliinamisha kichwa kando yake akanywa, kwa utulivu, kama mtu aliyefika kwake.

"Enhe," Bi Sindano alisema. "Kumbe unaweza."

Walivuka mstari wa kumalizia zikiwa zimebaki dakika saba. Kaka akakimbilia ndoo. Alichovya sponji, akakamua maji shingoni mwa farasi, akachovya tena. Pembeni, farasi wa kijivu alikuwa amekataliwa, moyo wake bado unapiga sabini na mbili, na kijana wake amekaa chini.

"Hamsini na nane," daktari alisema. "Sasa mkimbize nione miguu."

Goti la Bi Sindano lilikuwa bovu tangu zamani, na saa sita juu ya tandiko hazikulisaidia. Akajikaza kisabuni, akakimbia mpaka kwenye kigingi na kurudi, Kiherehere akimfuata kwa mwendo mwepesi uliosawazika.

"Naona kuna mmoja anachechemea," daktari alisema, "ila kanuni hazimhusu. Mmefaulu."

Walikuwa wa ishirini kati ya ishirini waliomaliza. Daktari akatoa tandiko, akapitisha kiganja mgongoni mwa farasi, taratibu, kutoka mabegani hadi kiunoni. Hakukuwa na uvimbe wala unywele uliosuguliwa. Akaligeuza tandiko, akachungulia mishono yake.

"Nani kashona hili?"

Bi Sindano alitaka kueleza: jinsi alivyoupima mgongo ule kwa waya, alivyofumua mara tatu. Akaambulia neno moja.

"Mimi."

"Huyo ni mdogo wangu," kaka akamwambia daktari, kisha akamwambia mtu aliyekuwa anapita na ndoo, kisha mtu mwingine ambaye hakuwa ameuliza. "Tumbo moja. Baba mmoja, mama mmoja."

Jioni walirudi kwa miguu. Kaka alijitolea kushika hatamu, akakataliwa. Siku zote Bi Sindano na Kiherehere hupita ukingoni mwa barabara, wakijibana ili wasimsumbue mtu. Siku hiyo walipita katikati, bila haraka, na magari yakawangoja.