Nilimpandia mjomba maua yasiyoliwa na mbuzi, nusura yamuue mbwa wake

Wakuu, heshima kwenu nyote. Ninachoandika hapa kimenikuta mimi mwenyewe, sijahadithiwa, na sehemu inayoniaibisha sitairuka.

Nauza maua na miche ya mapambo hapa Mtwara mjini, kitalu kipo Ufukoni. Kazi naijua. Nikikwambia mche huu utashika, nenda kalale.

Aliyewahi kuishi huku anajua adui wa bustani zetu ni mbuzi. Hafungwi, anazurura kama vile mtaa wote ni wake. Kwa hiyo mteja haanzi kuuliza rangi wala harufu.

Anaanza na "mbuzi anakula?" Ukijibu hapana, umeuza.

Mimi listi ya maua ambayo mbuzi hagusi ninayo kichwani, na nilikuwa najisifia nayo kweli kweli. Namba moja ni saikasi, ile inayofanana na mnazi mfupi.

Mjomba wangu wa kijijini Mpapura, kaka yake mama, akamaliza nyumba, akaniita nimpambie mbele. Kwetu Wamakonde mjomba akiita huulizi mara mbili. Nikapakia saikasi nne kwenye guta, pikipiki yangu ya matairi matatu, nikaenda kupanda mwenyewe.

Mjomba ana mbwa, anaitwa Kamanda, bado kijana. Tusielewane vibaya, mjomba ni mtu wa swala tano. Mbwa haingii ndani, mjomba mwenyewe hamgusi, chakula anamrushia kwa mbali.

Lakini bila Kamanda, nguruwe pori wangemaliza mihogo yote. Na mihogo ndiyo chakula cha nyumba ile mpaka msimu wa korosho ufike.

Wakati napanda nikabandua vile vitoto vinavyoota shinani mwa saikasi. Ni viduara vigumu, saizi ya limao. Nikawa namrushia Kamanda anavidaka, anatafuna, anarudi kutaka kingine.

Tulicheka sana siku ile, mimi na mjomba.

Kesho yake asubuhi simu ikaita.

"Mwanangu, Kamanda anatapika tangu jana jioni. Hasimami. Kapewa sumu huyu."

Aliyemshuku ni jirani yake, Bi Somoe, kwa sababu Kamanda aliwahi kumng'ata mbuzi wake. Na mzee alishakwenda hadi mlangoni kwake, akamtamkia hivyo mbele ya watu.

Nikawasha guta. Nikamkuta mbwa kalala chini, mate yanamchuruzika, na mjomba alishamnywesha maziwa kama watu wengi wanavyofanya. Nikainama nimbebe, mzee akanitangulia. Akamkumbatia kifuani, mate yote kwenye shati lake.

"Mjomba, hayo mate!"

"Maji na udongo wa kujitwaharisha vipo. Mbwa mwingine kama huyu sina."



Tukafika mjini kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mtulivu sana. Mbwa akatapika tena pale pale. Daktari akachokonoa matapishi na kijiti, akatuonesha vipande vya kahawia vyenye nyuzinyuzi.

"Hiki ni kitu gani?"

Nilikitambua hata hajamaliza kuuliza. Ningeweza kunyamaza, maana mzee alishampata mkosaji wake.

"Ni mimi, mjomba. Ni vile nilivyokuwa namrushia."

Daktari akaeleza kwamba saikasi yote, kuanzia mbegu mpaka shina, ni sumu kwa mbwa na inashambulia ini. Maziwa hayaiondoi. Akamtundikia dripu, akasema tusubiri siku chache zijazo.

Siku ya pili fizi zikawa za njano. Nilifunga kitalu nikawa nashinda pale, sili. Nilimwomba Mungu kwa ajili ya mbwa, cheka ukitaka.

Siku ya nne akanyanyua kichwa, akanywa maji. Nikalia mbele za watu.

Mjomba akasema neno moja tu: "Twende."

Tukaenda kwa Bi Somoe. Mjomba akaita majirani walewale waliomsikia siku ile, akamwomba radhi kofia ikiwa mkononi. Sikuwahi kumwona mjomba akiinamisha kichwa kwa mtu, na kosa lilikuwa langu. Nikasema yote.

Bi Somoe akaniangalia.

"Mbuzi wangu wameinusa hiyo miti yako wakaikimbia. Wewe mwenye kazi hukujiuliza wanakimbia nini?"

Akampa mjomba mkono, yakaisha.

Saikasi nne nimezing'oa. Kamanda amerudi shambani, ila amekonda na hakimbii kama zamani. Nikimwona najisikia vibaya mpaka leo.

Nikapitia listi yangu upya. Oleanda sumu, mnyaa sumu, lile ua la majani mapana yenye madoa meupe tunaloweka sebuleni nalo sumu. Karibu kila nilichokuwa najivunia ni sumu kwa mbwa. Mbuzi mkubwa kashajifunza cha kuacha, mbwa kijana anatafuna chochote unachomrushia.

Siku hizi kabla sijauza nauliza kama una mbwa. Wateja wengine wananiona mshamba, poa tu. Na mbwa wako akitafuna ua usilolijua, kata kipande, mpeleke kwa daktari pamoja nacho, usisubiri atapike.

Karibuni wakuu, taja maua yaliyopo kwako nikwambie. Lile nisilolijua, nitasema silijui.